Vyumba vya moyo, na hiyo "damu chafu"

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandaa kijitabu cha afya kwa wasomaji wa kawaida na nimekwama kwenye sura ya moyo. Niandike "vyumba vya moyo" au "chemba za moyo"? Atria (vyumba vya juu) na ventrikali (vyumba vya chini) nizipe ngeli gani? Na naomba unikagulie sentensi hii: "Vyumba viwili vya kulia hupokea damu chafu na vyumba viwili vya kushoto hupokea damu safi."

Jibu: Marahaba. Andika "vyumba vya moyo". Chemba si kosa, maabara wanalitumia, na mwanafunzi aliyeliandika kwenye mtihani simkati alama. Lakini chumba tunacho tangu zamani, ni mtoto wa mzizi ule ule uliozaa nyumba, na msomaji wako anakijua bila kuelezwa. Ukimwambia chemba, mmoja atafikiria mahali pa kuvutana pembeni mkateta, mwingine shimo la maji taka lenye mfuniko, wa tatu pale risasi inapokaa kwenye bunduki. Halafu kuna hatari ya chembe. Watu wengi husema wanaumwa "chembe ya moyo", wakionyesha kwa kidole pale kifua kinapoishia na tumbo kuanza. Huyo akisoma "chemba ya moyo" kwa haraka ataweka mkono pale pale, na hapo hamna chumba chochote cha moyo. Chumba hakimpotezi mtu.

Atria na ventrikali ziweke kwenye I-/ZI- na usihangaike: atria ya kulia imejaa, atria zote mbili zimejaa, ventrikali ya kushoto inasukuma, ventrikali zinasukuma. "Maventrikali" waachie wenyewe. Ukitaka kusema vyumba vya juu na vya chini, sema, mchoro unaruhusu, ingawa kifuani moyo umelala mshazari: ventrikali ya kulia iko mbele zaidi, na atria ya kushoto iko nyuma kabisa, jirani na umio.

Sasa sentensi yako. Sarufi yake haina kasoro, upatanisho umekaa. Lakini ndani yake mna neno ambalo kwangu lina damu ya kunguni, na kwa kuwa umelileta mwenyewe siliachii lipite: "damu chafu".

Hakuna damu chafu moyoni. Haipo kulia, haipo kushoto. Damu ni ile ile moja inayozunguka bila kukoma, ina oksijeni nyingi ikitoka mapafuni na oksijeni pungufu ikirudi kutoka mwilini. Basi. Kupungukiwa si kuchafuka. Mchukuzi aliyeshusha sehemu ya mzigo wake akarudi kuchukua mwingine hatumwiti mchafu.

Ifuate uone. Damu inarudi kutoka kichwani, mikononi, tumboni na miguuni kwa vena kuu mbili, mishipa inayorudisha damu moyoni, na kuingia atria ya kulia. Vali (kilango cha moyo) yenye vipande vitatu inafunguka, damu inashuka ventrikali ya kulia. Ventrikali inajikaza, vali ile inajifunga isiruhusu damu kurudi ilikotoka, na damu inasukumwa mapafuni. Huko inapita kwenye kapilari, vimishipa vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupenya kwa foleni. Inaacha hewa ya ukaa, inachukua oksijeni, inarudi kwa vena nne hadi atria ya kushoto. Kisha vali yenye vipande viwili, ventrikali ya kushoto, aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni), na mwili mzima. Safari ya kwenye kapilari za mapafu, mtu akiwa ametulia, haifiki sekunde moja. Ni uchafu gani huo unaotakata kabla hujamaliza kuisoma sentensi yako?

Na zitazame tarakimu. Damu inayotoka ventrikali ya kushoto, hemoglobini yake, ile protini inayobeba oksijeni, imebeba oksijeni kama asilimia 97 ya uwezo wake. Ile inayorudi upande wa kulia, mtu akiwa amepumzika, bado ina kama asilimia 75. Robo tatu! Hiyo ndiyo tunayoinyooshea kidole kama maji ya mtaro. Tena upande wa kulia haupokei makombo tu. Sukari na virutubishi vilivyotoka kwenye utumbo hupita kwenye ini, halafu huingia mzunguko mkuu kwa kupitia atria ya kulia. Homoni zinazomwagwa kwenye damu na tezi hufika kwanza huko huko. Hata damu iliyotoka kuchujwa na figo, ambayo ina urea (taka ya mwilini) kidogo kuliko ile iliyoingia, hutoka kwa vena na kwenda upande huo huo wa kulia. Imetoka kuchujwa sasa hivi, nasi tunaipokea mlangoni kwa jina la chafu.

Hapa nataka tukae kidogo, maana mfano huu unanigusa kuliko yote. Mtu akienda kuchangia damu, sindano inachomwa wapi? Kwenye vena, upande wa ndani wa kiwiko. Hawachomi ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Damu inayojaza ule mfuko ni damu inayorudi moyoni, nyekundu iliyokoza, ile uliyoiandika kuwa chafu. Damu hiyo ndiyo anayoongezewa mama aliyevuja damu nyingi akijifungua. Ndiyo anayopewa majeruhi wa ajali, na ndiyo inayomrudisha mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali. Na huyo mgonjwa anawekewa wapi? Kwenye vena vile vile, ikaingie atria ya kulia, ishuke ventrikali ya kulia, iende mapafuni kujaza oksijeni. Njia yote hiyo imepita upande ambao kijitabu chako kinauita wa uchafu, na mtu amepona.

Sasa mchukue kijana aliyesoma kijitabu hicho asubuhi, mchana akaombwa achangie. Amekwisha kuambiwa kwamba ana damu mbili, safi na chafu. Anamuuliza muuguzi watachukua ipi. Muuguzi amjibu nini? Akisema "ya kwenye vena", kijana anajua kutoka kwako kuwa hiyo ni chafu. Ama ataogopa kumpa mgonjwa uchafu wake, ama ataamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba kuchangia ni kutolewa takataka ili mwili ubaki mweupe. Yote mawili ni uongo, na yote mawili yamezaliwa na kivumishi kimoja. Benki ya damu ina swali lake halali kuhusu usalama: je, damu hii ina virusi vya UKIMWI, vya homa ya ini, ina kaswende? Huko wanasema "damu salama", na neno hilo lina kazi ya kufanya. Ukilitumia "chafu" kwa oksijeni pungufu, umemnyang'anya msomaji uwezo wa kuelewa onyo la kweli siku atakapopewa.

Limetoka wapi? Nadhani limevuka kutoka kwenye hewa. Tulifundishwa utotoni kuwa tunavuta hewa safi na kutoa hewa chafu, na safi na chafu zikawa pacha ambazo mwalimu aliyechoka hawezi kuziacha, maana mwanafunzi hazisahau. Hata huko si kweli. Pumzi tunayotoa bado ina oksijeni kama asilimia 16 dhidi ya 21 ya hewa ya kawaida, ndiyo maana mwokoaji anaweza kumpulizia mdomoni mtu aliyeacha kupumua na kumsaidia. Hewa ya ukaa nayo si taka tupu: kiwango chake kwenye damu ndicho kinachouamuru ubongo utupumulishe, na ndicho kinachosaidia kushika uwiano wa asidi mwilini.

Wazee wa tiba nao walihangaika na hili. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kuwa damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kwa vitundu visivyoonekana kwenye ukuta wa kati. Karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu Mwarabu, akasema ukuta ule hauna vitundu, damu lazima ipitie mapafuni. Mwaka 1628 William Harvey, tabibu Mwingereza, akachapisha hoja yake kwamba damu yote inazunguka na kurudi, na mwaka 1661 Malpighi, tabibu Mwitaliano, akaziona kapilari kwenye mapafu ya chura. Ukishajua kwamba damu ni moja inayozunguka, kuigawa kuwa mbili, ya heshima na ya aibu, ni kurudi nyuma ya Harvey.

Neno hili lina watoto, nao wana madhara. Mtoto wa kwanza ni ile kanuni ya kukariri kwamba "ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu". Ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni pungufu. Vena za mapafu hubeba ile yenye nyingi. Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, vena ni unaorudi, na maana haizidi hapo. Wa pili ni rangi ya bluu ya kwenye michoro, ambayo watu wazima na akili zao wanaamini ipo mwilini. Damu ya vena ni nyekundu iliyoiva. Bluu ni wino.

Wa tatu anaumiza zaidi. Mzazi anaambiwa mwanawe ana tundu kwenye moyo, kisha anafafanuliwa kwamba "damu chafu inachanganyika na safi". Anaondoka akiamini mtoto ana sumu mwilini, na wengine huanza kumtafutia dawa za kuitoa. Kumbe kwenye matundu mengi ya ukuta wa moyo, kwa kuwa msukumo wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia, damu yenye oksijeni nyingi ndiyo inayovuja kwenda kulia, na mzigo unazidi mapafuni. Maelezo aliyopewa yamegeuza hata mwelekeo. Mweleze mzazi kwamba damu inapita pasipo njia yake na kuyalemea mapafu. Ataelewa, na hatalala akimwogopa mwanawe.

Sitaki hata kuanza na wauzaji wa "dawa za kusafisha damu". Wanavuna shamba tuliloliandaa sisi wenyewe darasani. Wala lile la kuwaambia wasichana kuwa hedhi ni "damu chafu" inayotolewa na mwili. Hedhi ni damu pamoja na utando wa mfuko wa uzazi ulioachia, na binti anayefundishwa kuwa mwili wake hutoa uchafu kila mwezi amefundishwa kujionea aibu kwa jambo la afya.

Lipo moja ninalolivumilia. Wagonjwa wa figo husema wanakwenda "kusafisha damu", na mashine ile kweli inaondoa taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa. "Kuchuja damu" lingekuwa sahihi zaidi, lakini mtu anayelazwa kando ya mashine ile mara kadhaa kwa juma simsimamishi mlangoni kumrekebishia kitenzi.

Simlaumu pia mwalimu aliyekufundisha. Alipokea hivyo naye akapokeza, na alikuwa na ubao mmoja na wanafunzi wengi. Ila wewe unaandika kitabu, na kitabu kinakaa.

Utauliza tusemeje basi. "Damu yenye oksijeni nyingi" na "damu yenye oksijeni pungufu" zinatosha, na hazina neno gumu zaidi ya oksijeni, ambalo kila mtu sasa analo. Ukichoka kulirudia, sema "damu inayorudi kutoka mwilini" na "damu inayotoka mapafuni". Usitumie chafu hata ndani ya alama za mtajo.

Sentensi yako iwe hivi: "Atria ya kulia hupokea damu inayorudi kutoka mwilini ikiwa na oksijeni pungufu, na ventrikali ya kulia huipeleka mapafuni. Atria ya kushoto hupokea damu inayotoka mapafuni ikiwa na oksijeni nyingi, na ventrikali ya kushoto huisukuma mwili mzima." Ongeza, ukipenda, kwamba kila ventrikali ya mtu mzima aliyetulia hutoa kama mililita 70 kwa pigo, yaani kama lita 5 kwa dakika, kulia sawa na kushoto. Ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene takriban mara tatu ya ule wa kulia kwa sababu unasukuma mbali zaidi na kwa nguvu zaidi.

Na chini ya mchoro andika kwamba kulia ni kulia kwa mwenye moyo, kwa hiyo ukurasani atria ya kulia itakaa mkono wa kushoto wa msomaji. Wengi hukwama hapo, na hakuna anayewaambia.