Mhasibu mpe boksi la risiti kabla hujamuuliza maswali

Mkuu, umeuliza kama ni haki kumpa kazi ya majaribio mtu anayeomba uhasibu kwenye duka lako la jumla, au ataona unamtumikisha bure. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza na nimeshaajiri wahasibu wanne, wawili wa mwanzo kwa maongezi tu. Wa pili alijieleza vizuri mpaka nikaona aibu kumhoji zaidi. Miezi mitano mbele nalipa faini: ritani ya VAT (fomu ya kodi ya ongezeko la thamani inayopelekwa TRA, mamlaka ya mapato) hutakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, yeye hata kuijaza hajui.

Tangu hapo kuna boksi la viatu kabatini kwangu. Ndani kuna nakala za risiti 25 za zamani, majina ya wauzaji nimeyafuta kwa wino, taarifa ya benki ya mwezi mmoja na kurasa za daftari la fedha za mwezi huohuo. Mwombaji anapewa saa moja na nusu aorodheshe risiti na VAT yake, kisha alinganishe daftari na benki. Ana meza na laputopu yenye Excel. Simu ruksa, maana hata kazini atakuwa nayo.

Mitego sikuitunga, imo kwenye kazi yenyewe. Kuna risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iliyofifia mpaka tarehe haisomeki (wenye maduka mnajua karatasi zile zikipigwa jua), kuna isiyo na TIN yetu (namba ya mlipakodi), na kuna manunuzi yaleyale yamejitokeza mara mbili, ankara na risiti yake. Halafu ipo moja ya 118,000, VAT ya asilimia 18 ikiwa humohumo. Hapo wengi hulala. Mtu anachukua asilimia 18 ya 118,000, anapata 21,240, anaandika bila kusita. Jibu ni 18,000: unazidisha kwa 18, unagawa kwa 118. Ukiwadai TRA ile 21,240 kama VAT uliyolipa kwenye manunuzi, umedai 3,240 isiyo yako, na siku ya ukaguzi utairudisha na riba.

Mara ya mwisho walikuja watatu. Kaka mmoja mwenye uzoefu wa miaka minane alimaliza kwa dakika 40, daftari na benki vikalingana mpaka shilingi. Nikapekua vizuri. Chini kabisa kuna mstari: "marekebisho 23,400". Kumbe 8,400 ni makato ya benki ambayo daftarini hayakuandikwa, na 15,000 ni pesa tuliyopeleka mwisho wa mwezi, benki wakaiingiza mwezi uliofuata. Nilipomuuliza ni marekebisho ya nini, akacheka: "Bosi, tofauti ndogondogo huwa hazikosi."

Binti aliyetoka chuo juzijuzi hakumaliza, aliishia risiti ya 17. Lakini alinyanyuka mara mbili kuja kuuliza. "Samahani bosi, hii haina TIN ya duka. Niiweke kwenye madai au niitenge?" Nikamchukua yeye. Ila nisikudanganye, boksi halikuniambia kwamba anaogopa kuwapigia simu wadaiwa. Mpaka leo kudai madeni nafanya mwenyewe.

Kuhusu kumtumikisha: ukimwambia akufungie hesabu za mwezi huu, hapo kweli unamtumikisha, na siri za duka umemwaga. Mpe kazi ambayo jibu lake unalo tayari, na wote wakutane na boksi lilelile, la sivyo utawalinganishaje? Serikalini dereva anaitwa usaili wa vitendo, anashika usukani, wala halalamiki. Mimi natoa nauli na chakula cha mchana kwa kila anayekuja, apate kazi asipate.

Yule wa tatu aligoma kabisa, akasema vyeti vyake vinajieleza. Nikampa nauli yake, tukaagana vizuri tu.