Wakala ndani ya mshipa

Msomaji wa Morogoro anatafsiri mwongozo wa maabara ya anatomia, yaani namna ya kudunga mishipa ya kiungo cha maiti kitu kinachoifanya ionekane kwenye eksirei. Kaniletea sentensi yake: “Zoezi la uingizaji wa wakala wa utofautishaji katika mishipa ya damu ya kielelezo cha kianatomia hufanyika kabla ya zoezi la upigaji wa picha za eksirei.” Anauliza: “Je, ‘wakala wa utofautishaji’ ni sahihi? Nilitaka kuandika ‘dawa’, mwenzangu akacheka akasema maiti hapewi dawa, atapona nini?”

Ndugu yangu, ungemwacha acheke ukaandika dawa.

Wakala namjua. Anakaa chini ya mwavuli pale kona ya stendi, ana simu mbili na daftari lililokunjika pembe. Ukitaka kutoa elfu hamsini anakwambia floti ipo ila keshi hamna, subiri kidogo. Neno tulilipokea kutoka Kiarabu, mzizi mmoja na wakili na tawakali: mtu unayemwachia jambo lako alitende kwa niaba yako. Sasa huyo wakala wa Morogoro amedungwa kwenye mshipa wa mkono, mwavuli na kiti chake, anatenda kwa niaba ya nani? Maiti kamtuma lini? Na huko ndani anatofautisha nini na nini?

Ugonjwa huu haukuanzia maabara. Nimeona chupa ya sabuni imeandikwa “wakala wa kusafisha”, kana kwamba ukimpigia simu atakuja kudeki. Nimesoma mapishi ambamo hamira imegeuzwa “wakala wa kuumua”. Bibi yangu kaumua maandazi miaka sitini bila wakala hata mmoja. Mtafsiri amekutana na neno la kigeni, *agent*, kamusi ikampa tafsiri ya kwanza, akaibeba bila kuuliza kama sisi tuna desturi yetu ya kuvitaja vitu vinavyotenda kazi.

Desturi tunayo, na ndiyo hiyo dawa. Neno hilo nalo ni la Kiarabu, lakini lilipofika kwetu halikubaki hospitalini. Tuna dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya mbu, na viatu havijawahi kuugua. Mwambie mwenzako pia kwamba huyo maiti kabla ya kuletwa mezani amekwisha kutiwa dawa asioze, na watu wa mochwari huiita dawa bila kucheka.

Kazi yenyewe ni ya kale kiasi. Röntgen, mwanafizikia Mjerumani, aligundua miale ya eksirei Novemba 1895. Januari 1896 tayari Haschek na Lindenthal wa Vienna walikuwa wameudunga mkono uliokatwa kwa maiti mchanganyiko wa chokaa, mafuta ya petroli na yale madini mekundu ya zebaki ambayo wazee wetu waliyaita zinjifuri. Wakauweka mbele ya miale kwa dakika 57, na mishipa ikajichora hadi vidoleni. Zebaki huizuia miale, nyama huipitisha; siri ni hiyo tu. Siku hizi wapo wanaotumia unga wa bariamu uliokorogwa katika jelatini ya moto. Kwanza mshipa huoshwa kwa maji damu iliyoganda itoke, kisha uji ule husukumwa polepole, nao ukipoa hugandia humo humo. Ukiwa mzito hukwama kwenye ateri, mishipa itokayo moyoni. Ukiwa mwepesi huvuka hadi kwenye vena, mishipa irudiyo moyoni, na picha ikavurugika.

Basi iite “dawa ya kuonyeshea mishipa”. Iangalie hiyo *-ea*, ambayo kwingine husikika *-ia*: dawa ya kuulia wadudu, maji ya kunawia, dawa ya kuonyeshea. Kinyambuo kimoja kinafanya kazi yote ya yule wakala, tena hakidai kamisheni. Fundi wa eksirei akikuambia “kontrasti” usigombane naye. Hilo limeshaingia mjini na nimechoka kulifukuza.

Kuhusu kudunga, kuchoma na kupiga sindano, chagua la kwenu. Hapa lakini ningesema *kujaza*, maana sindano ni mwanzo tu. “Kielelezo” waachie mahakama na jambia lao lenye damu. “Zoezi” ni la wanafunzi na la jeshi, mawili hayo yanatosha, ingawa redio zetu zina zoezi la kila kitu hadi zoezi la mazishi.

Sentensi yako ilikuwa na maneno 25. Hii ina 13: “Mishipa ya kiungo cha maiti hujazwa dawa ya kuonyeshea, kisha kiungo hupigwa eksirei.” Kumi na mawili yaliyobaki mpelekee wakala pale stendi, aangalie kama ana keshi.