Duluti ni ya miguu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mgeni akikufikia naye ana siku moja tu, utampeleka wapi? Mimi naishi Usa River. Nitampeleka Ziwa Duluti, pale Tengeru, nje kidogo ya Arusha, ila kwa sharti: tulizunguke kwa miguu.

Wengi wetu huishia kwenye viti. Soda, picha mbili, gari linageuzwa. Njia ya kuzunguka ziwa imo ndani ya msitu wa hifadhi, na huko ndiko kwenye mambo.

Wifi yangu wa Dodoma nilimweleza hayo, akaja na kandambili. Hatujafika mbali, penye mizizi iliyolowa, ukanda ukachomoka. Nikatoa pini kwenye mtandio, tukachuchumaa kuubana. Kuinua macho, kenge huyo juu ya gogo, mkia ndani ya maji, anatutazama. Wifi alinishika bega hadi kucha zikaniingia. Kenge akateleza majini taratibu, kama mtu asiye na haraka na mji. Tungekuwa tunatembea tungempita.

Duluti ni shimo la volkano lililojaa maji, ndiyo maana kingo zake zimeinuka kama za bakuli na njia inapanda na kushuka. Asubuhi isiyo na mawingu unauona Meru, na ukiwa na bahati Kilimanjaro. Mitumbwi ya kukodi ipo. Mimi naogopa maji, siisemei.

Najua watu wa Moshi watanijia juu na Ziwa Chala lao. Ni zuri, sibishi, lakini kuteremka ule ukuta halafu kuupanda tena si kazi ya mgeni mwenye magoti yangu.

Mkitoka msituni, ulizieni makaburi ya Wapolandi, hapo hapo Tengeru. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kambi ya wakimbizi wao, maelfu, wengi wanawake na watoto, waliotolewa kwao wakapelekwa Siberia, kisha wakapitia Uajemi hadi kufika huku kwenye migomba. Wifi alisoma majina pale kaburi kwa kaburi, hawezi kuyatamka, hakuruka hata moja.

Na nendeni Jumamosi, siku ya soko la Tengeru. Ndizi, parachichi, mitumba ya kila aina. Wifi alinunua raba, akazivaa pale pale, kandambili akamwachia muuza raba, na pini yangu ikabaki humo.