Sumu haimwingii draugr wa Skyrim
Umeuliza kwa nini mishale yako ya sumu haimuui draugr, yule maiti anayepigana kwenye gemu ya Skyrim. Si kasoro ya gemu, boss, wala mishale yako haina shida. Draugr ni maiti, kwa hiyo sumu haimdhuru hata kidogo, na uchawi wa baridi unampata nusu tu. Tumia moto, au upanga wa fedha: huo unaongeza madhara 20 kwa kila pigo dhidi ya wafu.

Cha kuogopa ni ukelele wao wa kukupokonya silaha. Mimi shoka langu liliruka nyuma ya majeneza, nikalisaka mpaka stima ikapotea mtaa mzima hapa Umoja na bado sikuliona. Ukifika kwa wale wakubwa wa mwisho, sevu kwanza.