Meneja wa saiti ya ujenzi hupimwa na nani, na kwa kipimo gani?

Aliyeuliza anataka kujua inakuwaje meneja mmoja wa saiti asifiwe na mhandisi mshauri huku mwenye mradi akitaka aondolewe. Nimekuwa msimamizi wa mafundi chini ya mameneja kadhaa kabla ya kushika nafasi hiyo mwenyewe, na jambo hilo nililishuhudia katika uamuzi mmoja tu.

Tulipanga kumwaga zege la slabu ya ghorofa ya pili. Asubuhi hiyo meneja wetu alikagua nondo akakuta nyingi zimelala juu ya mbao bila biskuti, yaani vipande vidogo vya zege vya kuziinua, na mabomba ya umeme upande mmoja hayajafungwa. Akaahirisha kazi kwa siku 2.

Mwenye mradi, ambaye huhesabu tarehe ya kukabidhiwa jengo na fedha zinazomtoka, alisema huo ni uzembe wa mipango, wala hakukosea, kwa kuwa ukaguzi ulipaswa kufanywa mapema zaidi. Mhandisi mshauri alimpongeza meneja, kwani nondo isiyofunikwa na zege la kutosha hushika kutu, na kutu ikivimba hulipasua zege. Tena kosa hilo lisingefichuliwa na vipimo vya maabara vya siku ya 28 baada ya kumwaga, ambavyo hupima nguvu ya zege lenyewe tu. Fundi umeme alishukuru kwamba hatarudi kuichimba slabu kwa patasi. Vibarua waliokwisha kufika walirudishwa bila ujira. Walilalamika kwa haki, na malalamiko yao hayakuandikwa katika ripoti yoyote.

Kwa hiyo sioni faida ya kukusanya alama za wote na kutafuta wastani, kwa sababu kila mmoja anapima kitu kingine. Majirani nao hupima vumbi na kelele. Mimi humsikiliza kwanza mkandarasi mdogo, yule aliyepewa sehemu tu ya kazi: je, akifika anakuta sehemu yake iko tayari, au mafundi wake wanakaa wakisubiri? Huyo huona kasoro ya mipango wiki kadhaa kabla haijajitokeza kwenye gharama za mwenye mradi. Kuhusu usalama, naona vibarua ndio mashahidi wa kwanza, maana jukwaa bovu wanalipanda wao.

Nilipokuwa meneja, nilianza kukagua nondo siku moja kabla, pamoja na fundi umeme, na vibarua niliwaita baada tu ya mhandisi kuweka sahihi.