Mkuu, usipande nyanya palipokufa bilinganya

Mkuu, weka jembe chini kwanza. Umeuliza mbegu ipi, mbolea ipi, dawa ipi ya wadudu na upande mwezi gani hapo uani kwako Dar. Nimesoma yote, lakini roho imenishtuka ulipoandika kwamba unang'oa bilinganya zilizonyauka ili uweke nyanya kwenye matuta hayohayo. Usifanye hivyo. Nilifanya mimi, na mpaka leo inaniuma.

Nilikuwa na miche 60 uani kwangu Goba. Mbegu nimesia mwenyewe, samadi iliyooza nimeitafuta mpaka nimeipata, kila mche na kijiti chake. Matuta yalikuwa yametoka kubeba bilinganya, na chache zilikuwa zimejifia. Nikadhani ni kiu tu. Nyanya zilipoanza kutoa maua, mche mmoja ukalegea saa sita mchana. Jioni ukasimama. Kesho yake ukalegea tena, majani yakiwa mabichi kabisa, hayana doa wala unjano. Siku ya nne haukuamka. Ukafuata wa pembeni yake, kisha mstari mzima, kuelekea kule maji yanakoteremkia.

Nikakimbilia duka la pembejeo. Muuzaji hakuuliza hata msimu uliopita pale palikuwa na nini. Akanipa dawa ya ukungu. Wiki iliyofuata akanipa nyingine, "hii ndiyo kali", na busta, ile mbolea ya kunyunyizia majani, juu yake. Mara ya tatu akasema niongeze maji, nikaongeza. Kumbe maji yale ndiyo yaliyokuwa yanaubeba ugonjwa toka shina hadi shina! Mtu anayeuza dawa ana wajibu wa kuuliza swali moja kabla ya kupokea hela ya mtu. Kwa fedha niliyoiacha kaunta kwake, nyumbani tungekula nyanya za Ilula mpaka Krismasi. Miche 60, nimevuna sado mbili.

Aliyenifumbua macho ni bwana shamba mmoja mstaafu, mzee wa mtaani kwetu. Aliomba kisu na glasi ya maji safi. Akakata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole. Ndani kulikuwa na rangi ya kahawia. Akakishikilia ncha yake ikiwa ndani ya maji, bila kukitikisa. Hazikupita dakika tano, nyuzi nyeupe zikaanza kuteremka taratibu kutoka pale palipokatwa, kama tui linalodondokea majini. Nikazitazama mpaka maji yakabadilika rangi.

"Huu ni mnyauko wa bakteria, mwanangu," akasema. "Dawa ya ukungu hauisikii."

Wataalamu wanamwita bakteria huyo Ralstonia solanacearum. Mche aliokwisha kuuingia hauna dawa ya kuuponya. Anakaa udongoni miaka, anapenda joto kama hili letu la pwani, na anaingilia mizizini. Tena anakula ukoo mzima: nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili, viazi mviringo, hata mnavu unaojiotea kando ya ukuta.

Kwa hiyo leo chukua bilinganya moja ambayo imelegea lakini haijakauka, uipime hivyo. Ikitoa maziwa, ng'oa zote pamoja na mizizi, uchome moto. Usizitupe kwenye mboji, na jembe ulioshe vizuri. Hata isipotoa kitu, nyanya usiweke hapo, ni ukoo uleule. Matuta hayo yape mahindi au vitunguu kwa misimu kadhaa, na kila mnavu utakaouona ung'oe.

Nyanya zako panda kwenye ndoo za lita 20 ulizozitoboa chini. Udongo tafuta mahali ambapo ukoo huo haujawahi kulimwa, uchanganye na samadi iliyooza. Na tafadhali, ndoo zikae juu ya matofali. Zikikaa chini, mizizi itapenya kwenye matundu na kuufuata udongo wenye ugonjwa. Mimi sasa nina ndoo 14, na mwaka jana hakuna hata mche mmoja ulionyauka.

Kuna atakayekuja hapa kukwambia ubebeshe nyanya, yaani ukate kichwa cha mche wake na kukiunga juu ya shina la bilinganya. Ni kweli utaalamu huo upo, lakini ni kwa bilinganya zilizochaguliwa kwa usugu wake, siyo hizo zinazokufa mbele ya macho yako.

Kuhusu mbegu ya nyanya, aina za Tanya na Tengeru 97 zote zinafaa kwa kuanzia, ila usitegemee zikuokoe kwenye tuta lenye ugonjwa.

Kata shina leo jioni, mkuu, uweke picha ya hiyo glasi hapa tuione kabla hujagusa mche wowote.