Kibao cha rangi nne langoni

SWALI: Shikamoo mzee. Napika chakula nje ya kiwanda cha samaki hapa Ilemela. Juzi wamebandika langoni kibao chenye umbo la kishada na rangi nne. Buluu ina 3, nyekundu 1, njano 0, nyeupe haina kitu. Mlinzi anasema ni alama za ubora wa kiwanda. Kweli?
Mama lishe, Ilemela

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mlinzi kakudanganya, au naye alidanganywa. Mtindo wa kibao hicho umetoka Marekani, na wanaolengwa hasa ni zimamoto: wakifika wajue wanaingia kwenye nini. Buluu ni madhara kwa mwili, nyekundu kushika moto, njano hatari ya kulipuka. Nyeupe ni ya mambo ya pekee, kama W iliyokatwa mstari: hapo usimwage maji. Namba ni 0 hadi 4, na 4 ndiyo mbaya. (Kwenye karatasi za usalama zinazokuja na mapipa ya kemikali hesabu imegeuzwa, daraja la 1 ndilo kali. Hata mimi ilinichanganya.)

Sasa 3, 1, 0 kwenye kiwanda cha samaki, mimi nasoma amonia. Ndiyo tuliyogandishia minofu ya sangara miaka yangu yote ya ufundi wa mitambo ya baridi. Harufu yake ni ya mkojo uliolala, mara mia. Siku moja valvu ilivuja, nikatimua mbio moja kwa moja upepo unakoelekea. Wingu likanifuata! Gesi yenyewe ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikifumuka kwa wingi huwa ukungu mweupe unaotambaa chini.

Kwa hiyo jua upepo wako. Huku kwetu mchana kwa kawaida unavuma toka ziwani kuja nchi kavu, na kama kiwanda kiko kati yako na ziwa, kibanda chako kiko njiani. Moshi wa jiko lako ndio bendera yako. Ukisikia harufu kali, sufuria ziache, toka kwa ubavuni, ukikata upepo, kisha piga 114, namba ya zimamoto. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji mengi, dakika 15 zitimie, usiyafikiche.

Waulize pia chumba cha kompresa, mashine inayosukuma amonia, kiko ukuta upi, usiegemeze kibanda hapo. Na mlinzi msomee jibu hili. Yeye ndiye anayelala hapo.